Fungua Chupa, Ticha

Chupa yenyewe ilikuwa ya dawa ya kikohozi. Niliiosha, nikabandua karatasi yake, nikaichora msalaba kwa kalamu nyekundu. Ndani niliweka maji ya kawaida na tembe nne za vitamini C, zile nyeupe, nikiwa nimezisaga kwa mgongo wa kijiko na kuyachuja kwa leso ili maji yasibaki na ukungu. Gharama yote haikufika shilingi hamsini. Kwa chupa hiyo nimeosha dhambi za watoto katika makanisa tisa, kutoka Naivasha mpaka Molo, kwa malipo ya elfu mbili kwa siku na sahani ya wali wakati wa mchana.

Kama hujawahi kuuona mchezo huu, unaenda hivi. Unaweka glasi ya maji safi mezani. Huu, watoto, ni moyo wako siku uliyozaliwa. Halafu unatoa kichupa cha iodini, ile ya kupaka vidonda, unadondosha tone moja: ulimdanganya mama. Tone la pili: uliiba sukari. La tatu: ulitukana mtoto wa jirani. Maji yanageuka rangi ya strungi. Unawauliza nani anaweza kuusafisha moyo huu. Mmoja atasema uongeze maji, unaongeza, rangi inapungua kidogo lakini haiondoki, na wewe unatikisa kichwa kwa huzuni. Pesa zikisaidia? Unatumbukiza shilingi kumi. Wapi! Ndipo unainua chupa yenye msalaba, unamimina polepole, unakoroga mara mbili, na maji yanakuwa meupe pepepe mbele ya macho yao. Watoto wanapiga kelele mpaka mabati yanatetemeka. Pasta pale nyuma anasema amina.

Nilifanya hivyo kwa miaka miwili na nilikuwa hodari. Sasa nasema tulikosea, mimi na wote tunaofanya kazi hii. Lakini kosa silo lile ambalo wengi hutushtaki.

Tulilozoea kushtakiwa ni uchawi. Kuna makanisa ambayo ukitoa kamba tatu mfukoni, fupi, ya wastani na ndefu, ukazifanya zilingane, mama mmoja ataanza kukemea kwa lugha. Nimekemewa mara mbili. Hoja yao ni kwamba kiinimacho ni mlango wa shetani, na mtoto akizoea mlango mdogo ataingia kwa mkubwa. Nawaheshimu hao akina mama kwa sababu angalau wanaamini mtoto anachukua kwa uzito kile anachokiona. Ila historia iko kinyume nao. Mwaka 1584, wakati Uingereza inanyonga wanawake kwa tuhuma za uchawi, mtu mmoja wa Kent anayeitwa Reginald Scot alichapisha kitabu kikubwa, *The Discoverie of Witchcraft*, kuonyesha kwamba mengi yanayoitwa uchawi ni ujinga, hofu na vidole vyepesi. Ili kuthibitisha, alieleza siri za wacheza viini macho, moja baada ya nyingine: jinsi ya kuficha sarafu kiganjani, jinsi ya kujichoma kisu cha uongo, hata jinsi ya kuonekana umekata kichwa cha mtu na kukiweka kwenye sinia, mchezo ambao wachezaji wenyewe waliuita kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji. Kwa hivyo mchezo wa Biblia ulikuwepo hata zamani hizo. Na Scot aliufungua, kwa sababu aliona kwamba mchezo uliofungwa unaua watu, na uliofunguliwa unawaokoa na mahakama.

Mfano wa pili Wakatoliki wanaujua vizuri kuliko mimi. Yohana Bosco, yule wa shule za ufundi za Don Bosco, alizaliwa kijijini kaskazini mwa Italia mwaka 1815, mtoto wa maskini, baba alifariki akiwa mdogo sana. Alijifunza kutembea juu ya kamba na kucheza viini macho kwa kuwatazama wachezaji wa sokoni, halafu akawa anawakusanya wanakijiji. Kiingilio hakikuwa pesa, kilikuwa sala. Alipokuwa mwanafunzi mjini Chieri, mwenye nyumba alimoishi alishtuka na michezo yake hata akaenda kumsemea kwa padri kwamba kijana huyu ana mambo ya kishetani. Padri akamwita. Bosco akamwomba amwambie saa ni ngapi, padri akapapasa mfukoni, saa hakuna. Akamwomba sarafu, kibeti nacho hakuna. Padri akakasirika kabisa. Na sasa angalia alichofanya kijana huyo: alieleza. Alisema vitu alivichukua lini na alivificha wapi, hapo hapo chumbani. Mambo yakaishia kwa kicheko.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Tulichukua kamba za Bosco na glasi ya Bosco, tukaacha dakika ile ya kueleza.

Aprili ya mwaka juzi nilikuwa na kambi ya likizo ya siku tatu katika kanisa moja nje ya mji wa Nakuru. Watoto kama themanini hivi. Siku ya pili chupa yangu ilipotea. Nilidhani imeangukia kwenye majani kule nyuma ya choo, nikatengeneza nyingine usiku ule ule kwa chupa ya soda, kambi ikaisha, nikalipwa, nikaenda zangu.

Baada ya wiki moja na kidogo mwalimu wa sande skuli akanipigia simu. "Ticha, kuna shosho anataka kukuona." Sauti yake haikuwa ya kunialika chai.

Nilipelekwa na boda mpaka kwenye nyumba za mbao karibu na reli. Shosho alikuwa amekaa kwenye stuli, mguu wa kushoto umeinuliwa juu ya debe lililopinduliwa. Ana ugonjwa wa sukari, na kwenye kidole gumba alikuwa na kidonda ambacho kilikuwa kinafungwa kila Jumanne katika zahanati. Kandokando yake nyama ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Mjukuu wake, wa gredi ya pili, alikuwa amesimama mlangoni akitafuna ukosi wa gauni lake. Kwenye dirisha ilikuwepo chupa yangu, imebaki robo.

Mtoto alikuwa ameyatumia maji yale kuosha kidonda, jioni kwa jioni, siku tano. Alikuwa ameona kwa macho yake weusi ukiondoka kwa glasi. Kuna kosa gani hapo? Mimi ndiye niliyemwambia kwamba cheusi ni kibaya na kwamba chupa hii inakiondoa. Sikusema ni cheusi gani. Na shosho, ambaye nauli ya kwenda na kurudi kwa zahanati ni shilingi mia mbili, alikubali kuoshwa, na Jumanne ile hakwenda. Maji ya kanisa yalikuwa nyumbani.

"Shosho, haya maji ni vitamini," nikamwambia. "Ile ya mafua. Nilisaga tembe."

Akanyamaza. Halafu akauliza, "Na ule weusi uliotoka kwa hiyo glasi yenu?"

"Ni iodini. Dawa ya vidonda. Ikikutana na vitamini inapoteza rangi."

"Kwa hivyo haukutoka."

"Haukutoka. Uko mle mle, ni vile tu hauonekani."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Na huyu mtoto ulimwambia hivyo?"

"Sikumwambia."

"Mbona, kijana wangu?"

Jibu nilikuwa nalo, ni vile lilikuwa la aibu. Sikumwambia kwa sababu mchezo ukishaelezwa hauna makali, na bila makali hakuna kelele, na bila kelele pasta hakuiti tena Agosti. Kile kidole kilikatwa mwezi wa sita. Huenda kingekatwa hata bila chupa yangu, sukari ni sukari. Lakini Jumanne moja ilipotea na mimi ndiye niliyeipoteza.

Nikisimulia haya kwa wenzangu huwa wananijibu jibu moja: watoto wanajua ni mchezo, bana. Wasichanganye mambo. Huyo mmoja alikuwa mdogo sana.

Ni kweli mtoto wa miaka kumi na moja anajua. Yeye atakuja baada ya kipindi kukuvuta shati, "Ticha, nionyeshe ulivyofanya." Lakini wa miaka sita, saba, hajui, na ndiye tunayemweka mstari wa mbele. Halafu tusisahau mchezo huu ulizaliwa wapi. Huu utaratibu wa kuhubiri kwa viini macho tuliupata kutoka Marekani, ambako kuna vyama vizima vya Wakristo wa kazi hiyo, na vitabu, na maduka yanayouza mifuko ya siri na vitabu vya picha ambavyo rangi zake zinakuja na kupotea. Mtoto wa kule mara nyingi ameshaona mtu wa kofia ndefu kwenye sherehe ya kuzaliwa. Anajua hii ni burudani kabla haijaanza. Na wachezaji wengi wa kule, nimewatazama sana YouTube nikijifunza, huanza kwa kusema wazi: ninachofanya ni mbinu ya mikono, sina nguvu zozote, Mungu pekee ndiye mwenye miujiza. Sentensi hiyo niliisikia mara nyingi. Nilikopi kila kitu kwenye zile video, mpaka namna ya kushika glasi, nikaiacha sentensi hiyo. Ilikuwa inapoza watu.

Sasa mlete mchezo huo huo bila ile sentensi, uuweke ndani ya hema ambamo Jumapili iliyopita mtu alitupa magongo yake. Maikrofoni ni ile ile. Jukwaa ni lile lile. Neno ni lile lile, muujiza. Mtoto atatofautisha kwa kutumia nini?

Sisi Wakenya hasa hatuna kisingizio. Mwaka 2014 televisheni ilitufungulia mchezo mmoja hadharani. Mhubiri mmoja wa Nairobi alikuwa akiwaosha watu miguu, na maji kwenye beseni yanageuka mekundu, wanaambiwa hiyo ni damu, ni laana inatoka mwilini. Ilikuwa potasiamu pamanganeti, punje zile za zambarau ambazo kemisti yoyote anauza. Na ili uoshwe, ulipanda mbegu ya shilingi 310. Nchi nzima ilicheka. Mpaka leo ukisema mia tatu na kumi kwenye matatu, watu watacheka. Nilicheka na mimi, nilikuwa mtoto wa shule.

Ila nilisoma kemia chuo kikuu kwa miaka miwili, kabla karo haijanishinda, na acha niwaambie kitu ambacho hakikunichekesha nilipokifikiria. Pamanganeti ile na iodini yangu ni ndugu kabisa kazini. Chukua chupa yangu yenye msalaba, mimina kwenye beseni la yule mhubiri, rangi itapotea vile vile. Nimejaribu kwenye ndoo nyumbani na inafanya kazi vizuri kuliko iodini. Yeye alitoa rangi kwenye maji safi na kusema ni laana inatoka. Mimi niliondoa rangi kwenye maji machafu na kusema ni dhambi inatoka. Tofauti yetu ni kwamba yeye alilipwa na watu wazima, mimi nililipwa na kamati ya watoto. Na wale watu wazima waliopanga foleni na 310 mkononi, wengine walikaa kwenye benchi za sande skuli wakifundishwa kwamba rangi ikibadilika, Mungu amepita.

Kuna mtu atataka sasa niitaje Shakahola. Siitaji. Kutoka glasi ya maji mpaka makaburi ya msituni ni safari ndefu yenye mambo mengi katikati, na anayeiruka kwa sentensi moja naye anacheza kiinimacho.

Nirudi kwa glasi, maana bado haijaisha. Iodini ikikutana na vitamini C inageuka kuwa iodaidi, ambayo haina rangi. Haijaenda popote. Haijapungua hata chembe. Ukiniletea ile glasi "safi" nikatia Jik kidogo kidogo, ule udhia unaweza kurudi, strungi ile ile, mbele ya mkutano ule ule. Hebu fikiria basi tulichokuwa tunafundisha, tukiacha hata suala la uongo. Tulifundisha kwamba kutakaswa ni kutoonekana. Kwamba kosa likishamiminiwa kitu na kukorogwa, limekwisha, na hakuna anayehitaji kurudisha sukari. Mtoto aliyeiba haendi popote, hamwambii mtu chochote, anatazama tu glasi. Kwa nchi yenye viongozi wanaotoka mahakamani moja kwa moja hadi madhabahuni kutoa mchango wa mabati, somo hilo limeshaeleweka vya kutosha, halikuhitaji msaada wangu.

Na rangi yenyewe. Spurgeon, yule mhubiri wa London, mwaka 1866 alihubiri juu ya kitabu kisicho na maneno, chenye kurasa tatu za rangi: nyeusi ni dhambi, nyekundu ni damu, nyeupe ni usafi. Miaka tisa baadaye Moody wa Marekani akaongeza dhahabu ya mbinguni. Kitabu hicho kimezunguka dunia na bado kinazunguka sande skuli zetu, na michezo yetu mingi, leso nyeusi inayotoka nyeupe na kadhalika, ni watoto wake. Spurgeon alikuwa akiongea na watu wa London. Mimi nimesimama mbele ya watoto themanini wa Nakuru, nikainua kitambaa cha rangi ya ngozi zao na kusema hiki ndicho tunataka kukiondoa. Sikuliona jambo hilo kwa miaka miwili. Mtu akiniambia natafuta makosa, namwambia mtoto mmoja alijaribu kuuosha weusi kwenye mguu wa nyanyake kwa maji yangu, kwa hivyo makosa yamenitafuta mwenyewe.

Watetezi wa kazi hii hupenda kusema kwamba hata Yesu alitumia ishara. Naomba tusome vizuri. Shetani anapomwambia ajirushe kutoka juu ya hekalu, watu wote waone, anakataa. Akiombwa ishara na wakubwa wa dini, anakataa na kuwakaripia. Kwenye Marko sura ya nane anamshika kipofu mkono, anamtoa nje ya kijiji kwanza, anamponya huko, na akimaliza anamwambia asiingie kijijini. Mimi nikiwa na kipofu wa kuponya ningemweka jukwaani saa nne na nusu, watoto wakishakunywa uji. Wanaopenda jukwaa kwenye Biblia ni wengine: wale waganga wa Farao, ambao nao waligeuza fimbo kuwa nyoka na maji kuwa damu, na Simoni wa Samaria, ambaye mji wote ulimwita nguvu ya Mungu, na ambaye alipoona mitume wakiweka mikono alitoa pesa anunue ile mbinu. Nasoma habari ya Simoni na ninajiona. Si kwa ubaya wake, ni kwa vile aliiangalia ibada kama fundi: hii inafanywa aje?

Na kuna historia nyingine iliyo karibu zaidi na sisi, ambayo ndiyo inayonifanya nisikubali neno "haina madhara". Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alipita nchi ya Wamaasai akielekea ziwa Victoria. Huyu ndiye swara tomi anaitwa kwa jina lake, na maporomoko ya Nyahururu. Alikuwa na meno mawili ya bandia, na alikuwa na chumvi ya Eno, ile ile mnayokunywa tumbo likijaa gesi. Alijifanya oloiboni mweupe: anatoa meno na kuyarudisha, anamimina Eno kwenye maji yachemke bila moto, na watu wanashangaa, wanampisha. Ameandika mwenyewe kwenye kitabu chake, tena kwa kujifurahisha, wasomaji wa London wacheke naye. Kila mchezo una watu wa pande mbili, wanaojua na wasiojua, na anayejua ndiye anayeandika kitabu. Huwezi kusema unampenda mtu huku umemweka kwa makusudi upande wa wasiojua. Hasa kama ana miaka saba, na amekuja kwa miguu, na mama yake amekuamini.

Nilipokuwa darasa la nne alikuja shuleni mtu wa mazingaombwe. Kiingilio shilingi kumi, asiye nayo abaki darasani aandike insha. Alitoa uzi wenye nyembe kinywani, alitafuna kioo, alimtoa mwalimu wa zamu yai nyuma ya sikio. Mwishoni akatuambia tusijaribu nyumbani, akakunja kitambaa chake, akaenda stendi kungoja matatu kama mtu mwingine yeyote. Hakutaja Mungu hata mara moja. Tulibishana mwezi mzima zile nyembe zilikuwa za plastiki au vipi, na hakuna aliyemwomba amwombee mgonjwa. Namkumbuka mtu yule kwa heshima.

Sisemi tuache. Watoto wanapenda michezo, na kambi ya siku tatu yenye mahubiri matupu ni mateso, nimekaa kwenye nyingi. Nasema hivi: mchezo wowote unaoletwa kwa watoto kwa jina la Mungu ufunguliwe siku hiyo hiyo, kabla hawajaenda nyumbani, na yule yule aliyeufanya. Kama hauwezi kufunguliwa, usiletwe. Sheria ya mchezaji ya kutotoa siri ni nzuri kwake, inalinda unga wake. Mwalimu hana sheria hiyo. Mwalimu wa hesabu anayeficha njia na kuonyesha jibu tu tungemfukuza. Na kama somo lako linakufa pale mtoto anapojua vitamini C ni nini, basi somo hilo halikuwa na kitu ndani, lilikuwa na tembe nne.

Nilijaribu Desemba iliyofuata, kanisa lingine. Nilifanya mchezo wote kama kawaida, kelele zote, mabati yote. Halafu nikasema, sasa njooni hapa mezani. Nikawaonyesha kichupa cha iodini na jina lake. Nikawaonyesha tembe, nikawapa kijiko wasage wenyewe. Nikagawa glasi sita. Kila kikundi kikatia strungi yake na kuisafisha, na nakwambia kelele za mara ya pili zilizidi za kwanza. Kijana mmoja aliruka huku na huko akisema, "Kumbe hata mimi naweza!" Nikawaambia pia kwamba iodini bado imo, tumeficha rangi tu, na kwamba maji haya hayaponyi mtu, wala hayanywewi, wala hayaoshi kidonda. Nikawarudishia sentensi hiyo mara tatu.

Ndipo msichana mmoja mrefu, wa nyuma, akainua mkono. "Sasa Ticha, ile ya ukweli inatoka aje?"

Miaka miwili na makanisa tisa, na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza hivyo. Ningeulizwaje? Walikuwa wameshaona ikitoka. Nikamwambia sina chupa ya hiyo, tufikirie pamoja. Mmoja akasema unaomba. Mwingine akasema unarudisha kitu ulichoiba kwanza, ndio uombe. Wa tatu akauliza na kama umeshakula? Wakabishana. Kuna aliyesema unamwambia mwenyewe, hata kama atakuchapa. Yule aliyeuliza kuhusu kula alinyamaza, akaonekana anapiga hesabu fulani kichwani. Ilipita dakika kama arobaini, uji ukapoa.

Pasta alikuwa amesimama mlangoni muda huo wote. Baada ya sala ya kufunga alinivuta kando, kwa upole kabisa, akasema watoto sasa wataanza kuuliza maswali kama hayo hata kwenye ibada ya wakubwa. Nikamwambia ndio, pasta, inawezekana. Akanipa bahasha. Niliifungulia kwenye matatu. Ilikuwa na elfu moja na mia tano.